Mgomba wa Mama Inga

Ramadhani ikikaribia, huku jikoni kwangu Ukunda huwa natwanga iliki ya kutia kwenye mahamri na kwenye ndizi za tui. Mchi ukigonga kidogo, ganda likipasuka, harufu inapanda, na mimi sipo tena Ukunda. Nipo kwetu, nyuma ya Msambweni, upande wa juu wa barabara ya Lunga Lunga. Nimeshika sahani ya bati yenye maua mekundu ukingoni, imefunikwa kwa kawa, na ninapita kwenye mwanya wa ua wa manyara kwenda nyumbani kwa Mama Inga.

Mama Inga alikuwa mmishenari. Yeye na mumewe, Bwana Tomasi, walitoka nchi ya kaskazini kabisa ambako, kwa maneno yake mwenyewe, jua huaga watu na kwenda zake kwa miezi. Sisi watoto tulilisikia hilo tukaangaliana, kisha tukamwonea huruma. Walikuja kijijini kwetu kabla mimi sijazaliwa, wakajenga nyumba ya mawe ya matumbawe upande wa pili wa ua wetu, na kando yake kanisa dogo la bati. Waliosali mle walikuwa wageni kama wao: manesi wa hospitali waliotoka bara, askari mmoja na familia yake, na vijana waliokuwa wakichimba mawe machimboni. Wa kijijini kwetu hakuingia hata mmoja.

Hilo halikuwa kwa chuki, nawaambieni. Bwana Tomasi alitupatia pampu ya kisima ilipokufa, Mama Inga alipima watoto uzito kwenye kibaraza cha duka, na wote wawili walikuja kila msiba, kila arusi, wakakaa walipoonyeshwa. Wazee waliwapa heshima yote, wakawasikiliza, wakatikisa kichwa kwa adabu, na adhana ilipoita wakaomba ruhusa wakaenda kuswali. Bwana Tomasi naye aliwangoja warudi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakati neno, humsikii akisema "sijui" bila "kwa kweli" mbele yake. Alipenda methali kupita kiasi. Aliyoipenda zaidi ni ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliisema kanisani, aliisema dukani, na kila alipoisema aliongeza kwamba yeye bado anangojea jembe lake.

Lakini urafiki wa kweli ulikuwa wa mama yangu na Mama Inga, na ulianza kwa kosa. Ramadhani yao ya kwanza, mama aliwapelekea futari kama anavyowapelekea majirani wote. Kesho yake Mama Inga akairudisha sahani kwa mikono miwili, imesuguliwa hadi inang'aa, haina kitu. Alishukuru sana. Mama akaipokea, akatabasamu, na mgeni alipogeuka akakaa kwenye kibao cha mbuzi akiitazama ile sahani nyeupe tupu kama mtu aliyerudishiwa barua ya posa. Kwetu sahani hairudi tupu. Hata ukikosa, utatia chumvi kidogo au limau moja, ili jirani ajue kwamba mlango bado uko wazi.

Sijui nani alimwambia Mama Inga. Ninachojua ni kwamba siku chache baadaye sahani iliombwa tena, ikarudi na mikate midogo iliyosokotwa kama ukili, ya kahawia, yenye sukari juu. Mama akaiinua puani. Ilikuwa inanukia iliki. Akapigwa na butwaa: kumbe huko kwenye barafu, ambako hakuna jua wala mnazi, nao hutia iliki kwenye mkate wao. Tangu siku hiyo sahani ya maua mekundu haikupumzika. Ilikwenda na mahamri, ikarudi na mikate ya kusokota. Ilikwenda na ndizi za tui, mkono wa tembo uliowiva, na Mama Inga akaja mwenyewe kujifunza kuzipika, akakuna nazi hadi vidole vikamtoka damu, akakataa kusaidiwa. Wakaitana shoga. Mimi ndiye niliyekuwa mchukuzi, na ushuru wangu niliukata njiani.

Baba yangu alikuwa habari nyingine. Baba, Mzee Hamisi, alikuwa mkulima na mtu wa maneno machache, machache yenyewe yakiwa na pilipili. Jumapili asubuhi kanisa lilipogonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, alisema rimu ile imepata kazi nzuri, barabarani ingekuwa imeshapasuka. Na alikuwa na kinyongo chake cha haki. Bwana Tomasi alipoutengeneza upya ule ua wa manyara alikuja na utepe wa kupimia, akapima kwa makini ya Kizungu, na vipimo vyake vikampa upande wake hatua moja ambayo baba na babu yake hawakuwahi kuambiwa kwamba si yao. Baba hakugombana. Aliacha tu kupita kwenye ule mwanya. Walisalimiana barabarani, wakaulizana hali, na baba hakukanyaga kwa Bwana Tomasi miaka na miaka. Mama alipomsema, alijibu kwamba yeye hana neno na mtu, ni utepe ndio alio na neno nao.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka Mama Inga alipokufa.

Alikufa asubuhi, ghafla, akipanga viti vya darasa la watoto. Moyo, walisema manesi. Nilikuwa darasa la tatu, na siku hiyo shule ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimetoka kumpelekea mahamri, sahani nikaiacha mezani kwake, akanipapasa kichwa. Nilikuwa sijamaliza kuosha miguu nyumbani niliposikia sauti ya mama. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Shoga wee," mara moja, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, akavuta kanga yake ya pili kwenye kamba akatoka.

Kwetu maiti halazwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri awe ameshapumzika. Kumweka ni kumtesa. Kwa hiyo kijiji kizima kilifanya kinavyojua kufanya. Wanawake walijaa uani kwa Mama Inga, wengine wameshapika, wengine wamekuja na kanga mpya za kumsitiri. Wanaume walisimama barabarani wakiulizana jambo moja: atazikwa wapi? Makaburini petu haikuwezekana, hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Kanisa lilikuwa halina makaburi, kwa sababu waumini wake wote walipokufa walirudishwa kwao bara.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kibaraza chetu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe na mtaimbo. Akaenda hadi mpakani, pale ua wa manyara unapokaribia mwembe mchanga, akasimama upande wetu, akapiga jembe chini.

"Hapa," alisema. "Shamba ni langu na nimelitoa. Asilale mbali na nyumba yake."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na hadi leo nakumbuka wanaume walivyotazamana. Walijua habari ya utepe. Kisha ami yangu Bakari, mdogo wake baba, akavua shati, na wengine wakafuata. Ardhi yetu ina ngozi ya udongo tu; chini ni jiwe. Walichimba kwa zamu, mtaimbo ukilia, jasho likiwatiririka, na shimo likafika kiunoni.

Wakati huo wote Bwana Tomasi alikuwa kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Simu za mkononi zilikuwa ngeni, na kwetu mtandao ulipatikana pale juu tu. Tulimwona akisimama, akikaa, akigeuka kuitafuta sauti, akizungumza kwa lugha yake. Alikuwa anazungumza na watoto wake, ambao walikuwa watu wazima huko kaskazini, na pia wakubwa wa misheni yake. Baba alimtazama mara moja, akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, akaendelea kuchimba.

Bwana Tomasi aliposhuka alikuja moja kwa moja mpakani. Macho yalikuwa mekundu, lakini shati alikuwa amechomekea. Alitazama shimo, akatazama wale wanaume waliojaa vumbi jeupe la mawe. Aliwashukuru. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Kisha akasema kwamba kwa kweli anasikitika, lakini marehemu atasafirishwa kwenda kwao. Watoto wanamtaka. Gari kutoka Mombasa lilikuwa njiani. Akasema anaomba radhi kwa kazi tuliyoifanya, na kama kuna gharama yoyote yeye yuko tayari.

Angeishia kwenye radhi ingekuwa afadhali. Lile neno la gharama lilidondoka mle shimoni, na nikamwona baba akiliangalia lilipoangukia. Alitoka shimoni bila kushikwa mkono. Akasema, "Hakuna gharama, Bwana Tomasi. Pole kwa msiba." Basi.

Gari lilikuja saa tisa likamchukua. Mama yangu alikuwa amemvisha kanga yake mpya, na ile kanga ikaenda naye. Wanawake walirudi na vyungu vyao, na kijiji kikabaki kimekaa kama watu walioalikwa arusini wakakuta mlango umefungwa.

Lakini shimo lilikuwa wazi. Na kwa wazee wetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Ukilifukia hivyo, litamdai mtu mwingine. Unakata mgomba, unaulaza ndani kama unavyomlaza mtu, unafukia, shimo linaridhika. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwepo, na alisema kwa upole kwamba hayo hayamo katika dini. Baba akamjibu kwamba dini anaijua, na shimo kalichimba yeye. Akamtuma ami Bakari akakate mgomba.

Ami Bakari alikuwa mtu wa haraka katika mambo yote isipokuwa kuamka. Panga hakuliona, na kulitafuta aliona kazi. Akaenda kwenye migomba ya mkono wa tembo nyuma ya jiko letu, akauchokoa mmoja kwa jembe, akaung'oa mzima mzima, mizizi na udongo vikining'inia. Mgomba ukawa mrefu kuliko kaburi. Wakaulaza hivyohivyo, umeegemea upande, kichwa chini na shina limenyanyuka karibu na ukingo wa juu. Siku nyingine baba angemrudisha akafanye upya. Siku hiyo alisema tu fukieni.

Kabla hawajafukia, mama yangu alipita katikati ya wanaume, akainama, akautupia mgomba ule upande mmoja wa kanga, dada wa ile iliyokwenda Mombasa. Kanga huuzwa mbili mbili, kama mnavyojua. Hakuna aliyemkataza.

Sasa mimi mtoto wa darasa la tatu nilielewaje hayo? Nilielewa vizuri kabisa, kwa akili zangu. Niliona watu wakichimba kaburi la Mama Inga, nikaona kitu kirefu kimefunikwa kanga ya mama kikilazwa, nikaona watu wakifukia na mama akilia. Habari za gari la Mombasa nilizisikia, lakini niliamua kwamba gari lilichukua kitu kingine. Mvua za masika ziliponyesha, chipukizi la kijani likatokea juu ya kaburi, limejikunja kama karatasi, na mimi nikawa naamka asubuhi nakwenda kulisalimia. Shikamoo, Mama Inga. Mama alinikuta siku moja. Nilidhani atanipiga. Akasimama pale pamoja nami, akasema, "Msalimie na mimi."

Wakubwa hawakulifurahia chipukizi lile. Mgomba wa kaburini unatakiwa uoze, si uote. Wengine walimwambia baba aukate, wengine walimcheka ami Bakari hadi akahamia Tiwi kwa muda, akisingizia kibarua. Baba hakuukata wala hakuupalilia. Alipita mbali nao. Bwana Tomasi alikuwa amemfuata mkewe kaskazini na nyumba yake ilifungwa, rimu ya lori ikagongwa na mchungaji kijana kutoka bara, na kwetu jina la Bwana Tomasi likawa halitajwi wakati wa chakula. Mama alitaja sahani tu. Sahani yake ya maua mekundu ilikuwa imefungiwa mle ndani na mahamri yake, na alikataa kununua nyingine ya kufanana.

Mgomba ulikua bila adabu. Ulinenepa, ukazaa watoto, ukatoa mkungu mkubwa kuliko mikungu yote ya shamba letu, na kwa uzito wake ukainamia ua wa manyara mpaka mkungu wote ukaning'inia upande wa misheni. Nani ale ndizi za kaburini? Tuliziangalia tu zikikomaa.

Bwana Tomasi alirudi wakati huo, peke yake, siku chache kabla ya Ramadhani. Tulisikia amerudi kukabidhi kanisa kwa yule mchungaji kijana, kisha ataondoka moja kwa moja. Alikuwa amekonda zaidi na shati halikuchomekewa. Baba alimsalimia barabarani, akamuuliza hali, akapita.

Siku ya kwanza ya mfungo, jua likiwa linazama, tumekaa mkekani tunangoja adhana, tulisikia hodi kwenye mwanya wa ua. Ilikuwa hodi ya mtu mrefu anayeinama. Bwana Tomasi alikuja ameshika kwa mikono miwili sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kwa kitambaa, na harufu iliyokuwa ikitoka mle ilikuwa ya tui na iliki.

Akamsalimia baba, akamsalimia mama. Akamwambia mama kwamba anaomba radhi, sahani imekaa muda mrefu. Marehemu alimfundisha kwamba hairudi tupu, na pia alimfundisha kupika hizi, ingawa yeye hajui kukuna nazi vizuri. Kisha akageuka kwa baba, kwa sababu mambo ya mpaka yalikuwa mambo ya baba, akaeleza kwa makini kwamba ndizi si zake. Ni za Mzee Hamisi. Mgomba uko upande wa Mzee Hamisi, ameupima kwa macho tu safari hii, lakini mkungu ulikuwa umeangukia kwake na ndege wameanza kuzila, ndiyo maana ameukata na kuurudisha kwa mwenyewe.

Akafunua kitambaa.

Adhana ikaita. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nilizitazama zile ndizi za dhahabu zikiogelea kwenye tui zito, tumbo likinguruma, na nikawaza kwamba yule mle ni Mama Inga na sasa itakuwaje. Baba alichukua tende, akaila, akanywa maji, akasema Alhamdulillahi. Akamwonyesha Bwana Tomasi mkeka.

"Kaa, jirani," alisema. Alikuwa hajamwita jirani tangu utepe. "Unajua ndizi hizi zimeota juu ya nini?"

Bwana Tomasi akasema kwa kweli hajui.

Basi baba akamweleza. Sijawahi kumsikia baba akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alimweleza desturi ya kaburi lililochimbwa, mgomba, haraka ya mdogo wake, shina lililobaki juu. Alimweleza habari ya kanga ya mama, moja kule na moja hapa. Hakumlaumu popote. Alipomaliza, Bwana Tomasi alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, mikono mirefu katikati ya magoti.

"Kwa hiyo mlimzika," alisema mwishowe.

"Tulizika tulichoachiwa," baba akamjibu.

Yule mtu akalia. Alilia kama mtoto, bila kujificha, akafuta uso kwa kile kitambaa alichofunikia sahani. Akatueleza alivyofika kwao na mkewe katikati ya baridi, ardhi imeganda ngumu kuliko mawe yetu, makaburini wakamwambia angoje. Wiki baada ya wiki Mama Inga alingojea kuzikwa, kwenye chumba cha watu wasiomjua. Baba aliposikia hivyo aliweka kikombe chini. Akauliza kama ni kweli kuna ardhi inayokataa mtu. Bwana Tomasi akasema ipo. Mama akasema, "Shoga wee," kwa sauti ileile.

Kisha Bwana Tomasi akasema jambo ambalo nililisikia kwa masikio ya mtoto na nikalielewa nikiwa mtu mzima. Alisema siku ile aliwauliza watu wote wa mbali, hakumuuliza hata mmoja wa karibu. "Nilidhani mnanisaidia kazi," alisema. "Miaka yote nikingoja jembe, na siku mlipokuja nalo nikawauliza gharama." Halafu, akimtazama baba usoni kwa mara ya kwanza, "Mzee Hamisi, pale mpakani pana nafasi ya mtu mmoja?"

Baba alivuta sahani karibu, akachukua kipande cha ndizi kwa vidole, akakitia mdomoni. Akatafuna taratibu, akimeza kama anayeonja dawa, na nyumba nzima ikamtazama koo.

"Umezidisha iliki," alisema. "Pale nilishatoa. Sirudishi mkono."

Ndipo tukala sote. Ami Bakari alipopata habari alirudi kutoka Tiwi, akidai kwamba alijua alichokuwa anakifanya tangu mwanzo.

Bwana Tomasi hakuondoka. Alikabidhi kanisa, akakabidhi na nyumba kubwa, akahamia chumba cha nyuma, akaishi nasi miaka mingi akitengeneza cherehani na pampu za watu. Hakumwingiza mtu yeyote wa kijijini kanisani, na wala hakuna aliyemwingiza msikitini. Jioni alikuja kukaa na baba kwenye kibaraza wakibishana kuhusu mbegu za muhogo. Ua wa manyara ulipokauka kipande kile cha mpakani, hakuna aliyeupanda tena.

Alipokufa, mimi tayari nilikuwa mama wa watoto huku Ukunda. Nilipigiwa simu asubuhi na nikafika adhuhuri. Mambo yote ya kiserikali alikuwa ameshayatengeneza mapema mwenyewe, na watoto wake alikuwa ameshazungumza nao. Walisikiliza kwa simu, mtandao sasa upo mpaka jikoni. Mchungaji aliomba, manesi wakaimba, na wazee wetu wakasimama upande mmoja na kofia zao vichwani mpaka mwisho. Baba hakuweza tena kushika mtaimbo. Aliletewa kiti, akakaa ukingoni akiwaonyesha vijana wapi jiwe ni laini, na mizizi ya ile migomba ilipotokea ubavuni mwa shimo akawakataza kuikata. Alasiri haijafika Bwana Tomasi alikuwa amelala.

Nimefikiria sana kwa nini siku ile ya kwanza ilituuma vile. Nilipokuwa mdogo nilidhani wakubwa waligombania maiti. Leo naona vingine. Watu wale walikuja kutupa: pampu, dawa, mizani ya watoto, na neno lao. Tulipokea tulichoweza kupokea, na lile moja tukalikataa kwa adabu. Lakini sisi nasi tulikuwa na kitu chetu cha kuwapa, na hatukuwa nacho kingine kikubwa kuliko lile shimo baba alilolichimba kwenye shamba lake mwenyewe. Kutoa ni moyo, tunasema. Hakuna aliyetufundisha kwamba kupokea pia ni moyo, na kwamba mtu aliyezoea kutoa ndiye anayechelewa kulijua hilo. Nampenda Bwana Tomasi kwa kuwa alirudi. Wengi wakikosea hivyo hawarudi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani na binti yangu mdogo. Baba naye hayupo tena, amelala makaburini petu. Tulifika mpakani. Migomba imekuwa kichaka sasa, na kando yake kuna kaburi moja lililojengewa kwa mawe, lenye msalaba mfupi. Binti yangu alisoma jina la Bwana Tomasi kwa sauti, kwa sababu ndiyo kwanza anajua kusoma, kisha akaonyesha penye migomba, ambako hakuna jiwe wala maandishi, akaniuliza pale kuna nani.

Nikamwambia, "Mama Inga. Msalimie."

Na sikuona kwamba nimemwambia uongo.